Geji ya busti inasoma hasi hata gari likiwa limezimwa. Nibadilishe, na ya hewa na mafuta nichukue ipi?

Kibuyu_GDA

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wengine wote.

Gari ni Impreza WRX ya 2005, GDA, injini EJ205, gia za mkono, tabo ya kiwandani. Ekzosi imeshabadilishwa na aliyekuwa nalo kabla yangu, katalisti (kile cha kusafisha moshi) haipo, msiniulize ilikwenda wapi. Nililinunua Mombasa nikakaa nalo Tudor mwaka na nusu. Mwezi wa tatu kazi ikanihamishia Nairobi, nikalipandisha mwenyewe usiku kucha nyuma ya malori mpaka Mlolongo.

Lilikuja na geji mbili kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Moja ya busti, yaani presha ya hewa ambayo tabo inaisukumia injini, ya umeme, tarakimu nyekundu. Nyingine ya hewa na mafuta, mduara wa vijitaa ishirini: njano, kijani, nyekundu. Kampuni haina, mgongoni imeandikwa 12V basi.

Kule Mombasa nikifungua swichi bila kuwasha injini, busti ilikuwa inasoma 0.00. Hapa Nairobi inasoma −0.18, siku nyingine −0.19. Injini imelala, hakuna kinachovuta hewa, sasa hiyo hasi inatoka wapi? Nikaipeleka gereji moja. Kijana akaigonga kwa ukucha mara mbili, akasema sensa imekufa, elfu nane. Nikamwambia nitarudi.

Na ile ya vijitaa mimi sijawahi kuielewa. Nikienda taratibu taa zinakimbia huku na huku kama za ukumbi wa harusi. Nikikanyaga zinaganda upande wa mafuta mengi na hazibanduki mpaka niachie. Mwenye gari alinambia "zikicheza ndio injini nzima". Sawa, lakini nikikanyaga ndipo ninapotaka kujua, na hapo ndipo haisemi kitu.

Nina elfu arubaini na tano ya geji zote mbili pamoja na kuzifunga. Ya sindano au ya umeme? Za bar au psi? Na kama pesa zinatosha moja tu iliyo nzuri, nianze na ipi?

Bongo_Boxer

Mkuu, kwangu jibu ni fupi, Defi, geji za Kijapani. Milimita 60, sindano yake ukifungua swichi inazunguka mpaka mwisho inarudi, yaani kabla hujaondoka parking umeshalipwa pesa yako. Mimi ninazo tatu, busti, joto la mafuta ya injini na presha ya mafuta ya injini. Nilizipata kwenye gari la kukatwa, Ilala.

Hewa na mafuta sina. Gari langu halijatuniwa, linaendeshwa kama lilivyotoka Japani.

Fundi_wa_Waya

Wa aleikum salaam kijana wangu. Ile elfu nane iweke mfukoni. Sensa yako haijafa, inajua kazi yake kuliko aliyeigonga.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Changamwe, mwaka wa ishirini na sita huu. Nitaandika marefu, kwa sababu hili la hasi nimeulizwa mpaka nimechoka kulieleza kwa simu.

Geji ya tarakimu kama yako hupima presha yote iliyomo kwenye manifoldi, bomba linaloigawia injini hewa, kuanzia utupu mtupu. Halafu ndani yake imeambiwa: toa hewa ya usawa wa bahari, onyesha kinachobaki. Mombasa hewa inatukandamiza kwa kama kilopaskali 101. Nairobi uko mita 1,700 juu, hewa ni kama 82. Ukitoa 101 kwenye 82 unabaki na hasi 19, yaani −0.19 ya bar. Umekuwa ukitembea na kipima mwinuko bila kujua. Ipeleke Timboroa, juu ya mita 2,700, itakuonyesha kama −0.28 na wala haitakuwa imeharibika.

Ziko geji za umeme ambazo kila ukifungua swichi hujipima na kujiweka sifuri pale ulipo. Na ile ya sindano ya kimakanika, yenye kimpira kinachoingia mpaka ndani ya gari, humo ina kijibomba cha shaba kilichopinda ambacho presha ikiingia kinajinyoosha. Hiyo hupima tofauti ya ndani ya manifoldi na hewa iliyokuzunguka wewe, kwa hiyo sifuri yake ni sifuri popote.

Hapa ndipo watu wanapogombana bure. Tuseme uko gia ya tatu, umekanyaga, na ndani ya manifoldi pana kilopaskali 190. Geji yako itasoma 0.9. Ya sindano, kwenye gari hilohilo, dakika hiyohiyo, hapo Nairobi, itasoma karibu 1.1. Mwenye ya sindano atasema busti imepanda, wewe utasema iko sawa, na nyote mnasema kweli. Injini yenyewe imepata hewa ileile. Anayejua tofauti ni tabo. Pwani ilichukua hewa ya 101 ikaifikisha 190, imeizidisha mara 1.9 hivi. Huko juu imeichukua 82 ikaifikisha 190, mara 2.3. Inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hiyo anayekwambia "huku juu hewa ni nyepesi, ongeza busti kidogo irudi kama Mombasa" mwambie akaongeze kwenye gari la baba yake.

Sasa ile ya vijitaa. Hiyo itoe. Inasoma sensa ya aina ya zamani, inayotoa umeme kuanzia sifuri mpaka volti moja, na sensa hiyo inajua swali moja tu: mafuta yamezidi au yamepungua kuliko 14.7? Yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ikivuka hapo tu, umeme unaruka kutoka chini mpaka juu. Ukienda taratibu kompyuta ya gari inapunguza na kuongeza mafuta kuzunguka hapohapo, ndiyo ngoma yako ya harusi. Ukikanyaga, mafuta yanazidi kwa makusudi, sensa inapanda mwisho wake na kukaa. Iwe 12.8 au 10.5, taa ni ileile. Baina ya namba hizo mbili kuna injini iliyotoboka pistoni na injini inayotoa moshi mweusi tu.

Unachotaka ni waidibendi, geji yenye sensa ya masafa mapana. Hiyo inakupa namba yenyewe. Tafuta inayotumia sensa ya Bosch LSU 4.9. Zilizotangulia zilikuwa 4.2, nazo si mbaya, ila inabidi uitoe mara kwa mara uipime kwenye hewa safi, na wewe hutaitoa, nakujua bila kukuona. Geji za AEM na za Innovate zote mbili nimezifunga nyingi. Sina ugomvi na yoyote.

Kwenye elfu 45 yako, thelathini iende kwenye waidibendi. Busti chukua ya sindano ya kimakanika, ya bei ya wastani, haina cha kuharibika isipokuwa mpira. Ukitaka kubaki na hiyo ya tarakimu, baki nayo, wewe umeshajua hesabu yake. Bar au psi ni macho yako. Psi 14.5 ni bar moja. Geji za Kijapani nyingine zimeandikwa kilo kwa sentimita ya mraba, ambayo ni pungufu ya bar kidogo sana, usihangaike.

Kuna mambo ya kufunga ambayo lazima uyasimamie mwenyewe, usiende kunywa chai.

Sensa ikae baada ya tabo, si kabla. Kabla ya tabo kuna joto na presha, itakufa na kabla ya kufa itakudanganya. Ichomelewe nati yake, milimita 18 kwa 1.5, kwenye bomba linaloshuka, kama nusu mita hadi mita moja kutoka tabo, na iinamie chini kama mtu anayechungulia kisimani. Ikilala ubavu au ikitazama juu, maji ya asubuhi ndani ya ekzosi yatatulia kwenye kauri yake ya moto itapasuka. Katalisti huna, kwa hiyo huna la kuchagua hapo. Na kabla ya yote ziba paipu inayovuja. Ekzosi ikivuja juu ya sensa inavuta hewa ya nje, namba inakuja ya mafuta machache, na mtu anaanza kuongeza mafuta yasiyohitajika.

Plagi ya sensa isikatwe. Nasema tena isikatwe. Humo ndani ya plagi kuna rezista ndogo iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo moja. Nimeletewa sensa mpya ambayo fundi aliikata plagi ili waya upite kwenye tundu la ukuta wa injini, akaja kuunga waya kwa plagi ya sensa nyingine. Ilikuwa inasoma 13 wakati gari linanuka petroli mpaka macho yanachoma. Tundu likiwa dogo, toboa tundu.

Umeme uchukue unaokuja na swichi ya kuwashia injini, si wa redio. Sensa ina hita inayoichoma mpaka karibu nyuzi 780, ukiwa umekaa gizani unasikiliza mpira na redio, hita nayo inachoma kwenye ekzosi baridi yenye maji. Fyuzi ya ampea 10. Na isikae kwenye ekzosi bila umeme gari likitembea, itajaa masizi.

Sasa la busti, na hili ni kosa langu mimi. Mwaka wa pili wa kazi nilikuwa na Legacy ya tabo. Nikafunga geji ya busti, na ili kupata presha nikakata mpira mdogo unaotoka manifoldi kwenda kwenye regyuleta, kidhibiti cha presha ya petroli, nikatia tii, kile kiungo cha njia tatu. Tii yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya kupitishia hewa kwenye tangi la samaki wa mapambo, nilinunua shilingi ishirini Marikiti. Ikafanya kazi vizuri wiki sita. Siku moja napandisha Mazeras, nyuma yangu matatu linanisukuma, nikakanyaga. Gari likaanza kugonga kama kokoto ndani ya debe. Kuachia, kusimama, kufungua boneti: tii imeyeyuka upande mmoja, mpira wa regyuleta unaning'inia.

Angalia kilichotokea. Regyuleta ile inashikilia petroli bar 3 juu ya presha iliyomo manifoldi. Ukipiga busti ya bar moja, petroli inatakiwa ipande ifike 4, ili injekta, vile vinyunyizio vya petroli, zipate 3 zilezile za kusukuma. Mpira ukichomoka, regyuleta haijui kuna busti. Petroli inabaki 3, busti inasukuma nyuma kwa moja, injekta zinabaki na 2. Mafuta yanapungua karibu sehemu moja kwa tano. Gari lililokuwa 11.2 linakwenda 13.7 likiwa na busti kamili. Pistoni ya nne sikuipata nzima.

Kwa hiyo: tafuta chuchu yako peke yake kwenye manifoldi, baada ya kilango cha hewa. Ukilazimika kutia tii, iwe ya shaba, na klipu kila mdomo. Usichukue presha kwenye ule mpira wa westigeti, vali inayozuia busti isizidi, huko hutaona utupu hata siku moja, na mpira ukivuja, busti itapanda bila breki.

Namba za kutazama: ukitembea, 14.7 kwenda na kurudi kidogo. Busti kamili, 11 hadi 11.5 kwa EJ yenye mafuta yetu haya. Gari hili lilipangwa kwa petroli ya Kijapani ya oktani karibu 100, sisi tunalinywesha tulichonacho. Ukiona 12 na juu yake busti imejaa, toa mguu, usisubiri kuhakikisha.

Chep_SG5

Asante sana mzee kwa hilo la sifuri. Mimi ni Forester ya tabo, niko Eldoret, na kisa changu ni kinyume cha chake.

Yangu ni ya sindano. Mwenye gari aliyeniuzia alikuwa Mombasa na aliniandikia kwenye karatasi: ikinguruma tu bila kukanyaga, sindano iwe −0.65. Huku kwangu haikuwahi kufika hapo, inakaa −0.42 hivi. Nikaambiwa manifoldi inavuta hewa pembeni. Gasketi zikabadilishwa. Sindano palepale. Mipira yote ikabadilishwa. Palepale. Walipofika kwenye kutaka kufungua injini kuangalia vali ndipo nikachukua gari langu nikaondoka.

Sasa nikipiga hesabu yako, −0.65 ya Mombasa ni kama 36 iliyobaki ndani ya manifoldi. Huku hewa ya nje ni kama 78. 78 kutoa 36 ni 42. Gasketi zangu zilikuwa nzima.

Fundi_wa_Waya

Mama Forester, hesabu yako ni safi. Zile gasketi za zamani kama ulipewa, zitundike ukutani.

Bongo_Boxer

Mzee shikamoo. Nimesoma nikaenda kuangalia tii yangu. Ni ya plastiki. Sisemi zaidi.

Lakini naomba kuuliza, mbona asitumie tu kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani akasoma kwenye simu? Kinaonyesha busti, kinaonyesha hewa na mafuta, bei ya sahani mbili za biriani.

Fundi_wa_Waya

Marahaba. Ibadilishe leo.

Kidude hicho kinauliza kompyuta ya gari, na kompyuta inajibu ikipata nafasi. Kwenye gari la umri huo majibu yanakuja machache kwa sekunde, na ukiomba vitu vingi kwa pamoja yanazidi kuchelewa. Gia ya pili inaisha kabla hujaonyeshwa ilivyoanza. Na ile namba ya hewa na mafuta inatoka kwenye sensa ya kiwandani, ambayo kwenye mafuta mengi inafika mwisho wake na kusimama, na hapo ndipo tunapotaka kutazama. Kwa kusoma joto la maji na taa ya injini, kinunue, ni kizuri.

Kibuyu_GDA

Mzee, Mungu akuweke. Nimechapisha jibu lako nikaenda nalo gereji nyingine, mwenyewe akalibandika kwenye friji yake.

Swali la mwisho kabla sijanunua. Nguzo ya kioo au juu ya safu ya usukani? Hiyo niliyonayo usiku inaniwakia kwenye kioo cha pembeni mpaka nadhani kuna gari.

Fundi_wa_Waya

Ukiagiza kikombe cha nguzo kutoka Marekani hakikisha si cha usukani wa kushoto, wengi wamekwama hapo. Waidibendi iwe karibu na macho, safu ya usukani ni mahali pazuri. Busti hata ikikaa chini, utaisikia kwa mgongo. Na ule waya wa mwanga uunge kwenye taa za deshibodi ili usiku ipungue yenyewe. Wengi wanauacha unaning'inia.

Kibuyu_GDA

Narudi baada ya wiki tatu.

Nimefunga AEM kwenye safu ya usukani na geji ya sindano ya busti kwenye nguzo. Nati ilichomelewa nikiwa nimesimama pale, sensa inachungulia kisima. Plagi haikuguswa, tundu ndilo lililoongezwa. Tii hakuna, tulipata chuchu ya peke yake.

Jumamosi nikaelekea Naivasha kwa njia ya chini ya Mai Mahiu. Kwenye tambarare, 14.6, 14.8, 14.7. Kabla ya mteremko nikapata nafasi, gia ya tatu, busti kwenye sindano 1.05, namba ikatulia 11.3. Nilicheka peke yangu ndani ya gari kama mwendawazimu.

Halafu nikaanza kushuka bonde. Mguu nimetoa, gari liko gia ya tatu linajishikilia. Namba ikapanda 16, 18, halafu ikawa vistari vitatu. Hakuna namba. Moyo ukasimama. Nikaegesha pale kwenye kile kikanisa kidogo cha Waitaliano, nikafungua boneti, mzee mmoja anayeuza ngozi za kondoo akaja kuchungulia na yeye. Kila kitu kimekaa mahali pake. Nikawasha, 14.7. Nikaendelea kushuka, vistari tena.

Na kingine, nikibadilisha gia baada ya kukanyaga, ile blowofu, vali ya kutoa hewa ya tabo ukiachia mguu, ikipiga *psshh*, namba inaanguka mpaka 10 kasoro kwa kitambo kidogo halafu inarudi. Ni kawaida?

Fundi_wa_Waya

Vistari ni kawaida kabisa. Ukitoa mguu gari likiwa kwenye gia, kompyuta inafunga petroli yote, injini inapumua hewa tupu. Geji inakosa cha kusoma. Mwambie na mzee wa ngozi.

Blowofu si kawaida, ila najua ni nini. Yako inatupa hewa nje. Gari hili lina sensa inayopima hewa kabla haijafika tabo, kompyuta imeshaihesabu hewa hiyo na kuitolea petroli. Wewe ukaimwaga barabarani, petroli ikaja bila mwenziwe. Rudisha ya kiwandani inayorudisha hewa ndani ya bomba, namba itatulia.

Kibuyu_GDA

Yaani mlio uondoke?

Fundi_wa_Waya

Uondoke.

Kibuyu_GDA

Mzee, mlio ndio niliununua, gari lilikuja juu yake. Niachie mpaka Idi, nikishuka Mombasa nitapita Changamwe unibadilishie mwenyewe.